Tisini na Tano za Dada Mwanvua

Dada yangu Mwanvua hajui kulalamika. Ni fundi wa cherehani hapa mtaani kwetu Cibitoke, na ukimkanyaga mguu ni yeye atakayekuomba radhi. Kansa ya titi ilipomkuta, mwanzoni alituambia ni uchovu tu.

Basi wakaja watu wa proje, mradi wa kujaribu matibabu, na dawa mpya ya bure. Régis, kijana mpole mwenye tableti ya kuandikia majibu, akatueleza: wagonjwa arobaini wataulizwa maisha yao yakoje kabla ya dawa, kisha tena baada ya miezi sita. Yakionekana yamepanda, dawa itaendelea kutolewa. Yasipopanda, basi.

Siku ya maswali ya kwanza mkono wa dada haukuweza kufika hata kichwani. Mimi ndiye niliyemwogesha na kumvalisha kitenge kizuri, maana mgeni anakuja. Régis akauliza kama anaweza kuvaa mwenyewe.

"Naweza, mutoto wangu."

Na maumivu?

"Alhamdulillahi. Kidogo tu."

Kidogo! Alfajiri ile alikuwa ameuma mto kwa kulia. Kisha Régis akamwonyesha mstari, chini sifuri, juu mia, achague mahali afya yake ilipo. Dada akagusa tisini na tano. Akasema tano zilizobaki anamwachia Mungu.

Dawa ikafanya kazi, wallahi. Mwezi wa nne alijifunga kitambaa cha kichwa mwenyewe. Mwezi wa tano akarudi kwenye cherehani, na mimi nikarudi kugombezwa kwa chai isiyokolea.

Mwezi wa sita, siku ya maswali ya pili, nikajifanya mjuzi. Mji huu nimeuzoea: mchele, vyandarua, kila kitu hupewa mwenye shida. Nikamwambia, "Dada, we utaharibu! Ukisema uko muzuri, dawa watapeleka kwa wengine. Leo sema shida zako zote."

"Apana, ni aibu."

Nikamfokea mpaka akakubali.

Wala hakudanganya. Régis alikuwa keshakuwa mtu wa nyumbani, anakula kwetu, basi dada akamfungulia moyo: kucha zinauma, chakula hakina ladha, anaogopa kufa. Kidole kikashuka hadi hamsini na tano. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikapika wali.

Juzi Régis alikuja bila tableti. Kumbe wagonjwa wengine nao walikuwa na adabu mwanzoni, na ndugu wajanja mwishoni. Wakubwa wake wamepiga hesabu wakaona dawa inashusha maisha. Imesimamishwa.

"Lakini anashona!" nikapiga kelele. "Si unamuona?"

"Namuona, mama. Swali la kushona halikuwemo."

Vidonge vimebaki tisa. Dada anajua vizuri ni nani aliyemlazimisha, na hajanilaumu hata kidogo. Afadhali angenitukana.

Leo asubuhi ameniita anipime gauni. Nikauliza ni la sherehe gani. Akasema yoyote itakayokuja, ila nisimame upesi, mkono wake ukiwa bado unapanda. Nikasimama, nikalia, naye akanigombeza nisitikisike.