Gari la Bati Lisilo na Dereva

Siku niliyokamatwa na wanajeshi, mwanangu, nilikuwa na kamba ya nyuzi za mti wa mwale mkononi na penseli sikioni, na nilijiona fundi kuliko mafundi wote wa Kindu. Naikumbuka vizuri mno. Leo nikiisimulia nacheka hadi mama yako mkubwa ananitazama kwa huruma, lakini siku yenyewe sikucheka hata kidogo.

Nimeikumbuka kwa sababu yako, Zawadi. Juzi ulifungua boksi uliyotumiwa na shangazi yako kutoka Kinshasa, ile ya kifaru cha jeshi cha plastiki chenye vipande chungu nzima vilivyoshikana kwenye vijiti vyake. Kabla chai haijapoa ulikuwa umeshagundisha minyororo yake ya kutembelea, halafu ukagundua kwamba magurudumu hayana tena pa kuingilia. Ukanuna. Ukaja kwangu hapa Mikelenge na kifaru kilichopinda na gundi vidole vyote kumi, ukakaa ukilitazama lile gari langu la jeshi pale juu ya rafu.

“Baba mukubwa,” ukaniuliza, “gari hii dereva yake iko wapi?”

Sikukujibu, kwa maana mvua ilikuwa inakuja na mihogo yangu ilikuwa bado imeanikwa nje. Nakujibu leo. Na wenzako wanaotaka kuanza kazi hii ya kuunda magari madogo ya vita wasikilize pia, maana makosa mengine nimeshayafanya mimi kwa niaba yenu.

Ilikuwa miaka ya vita. Treni ilikuwa haiji, barabara zimefungwa, chumvi na sabuni vinaletwa na ndege au na baiskeli zilizosukumwa msituni siku nyingi. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, najifunza kazi kwa Mzee Shabani kule mtaa wa Kasuku. Mzee huyu alikuwa fundi wa karakana ya reli kabla vita havijasimamisha kila kitu, na sasa alikuwa akikata mikebe ya mafuta na kutengeneza taa. Mtu mfupi, kofia yake ya kushonwa haimtoki kichwani. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hakuweza kukuambia jambo lolote kabla hajakuuliza umeamkaje, mama ameamkaje, na jirani wa mama ameamkaje. Ungeweza kuja kumwambia nyumba inaungua, naye akaanza na salamu.

Kazi ikipungua, Mzee Shabani aliunda gari-moshi. Dogo, la bati, la kuwekwa mezani, lakini kila ribiti mahali pake. Mimi nikitazama lile gari-moshi mate yalinijaa mdomoni, na nilitaka langu. Ila mimi nilitaka gari la jeshi. Usinilaumu. Mjini kila kitu kilikuwa kimelala, na kitu pekee kilichotembea kwa kishindo kilikuwa lori moja la kijani la wanajeshi, magurudumu sita, lililokuwa likiegeshwa karibu na stesheni. Nililiogopa na nililipenda, yote mawili kwa pamoja.

Mzee akanipa kipimo chake: shibiri moja ya lori lenyewe iwe upana wa kidole kimoja kwenye bati. Basi, hesabu yote ni hiyo. Kisha akanipa na utaratibu. Siku ya kwanza nisishike mkasi wala nyundo, niende nikamsalimie mwenye gari. Siku ya pili nimwombe ruhusa. Siku ya tatu ndiyo nipime. Nilimwitikia ndiyo, mzee, huku moyoni nasema huyu naye. Nani anakwenda kumsalimia mwanajeshi kwa hiari yake? Sisi tukiwaona tulikuwa tunabadilisha njia.

Nikaanza bila kutazama. Nilijenga bodi kwa kumbukumbu, nikaikaza kwa risasi ya kuyeyusha, ile ya kuunganishia bati, nikaipenda kabisa. Halafu nikakata magurudumu kwenye soli za kandambili, na magurudumu yakakataa kukaa. Bodi ilikuwa fupi. Unaona, Zawadi? Kifaru chako na lori langu ni ndugu.

Ndipo nikaenda kupima. Nilichagua saa ya mchana, wanajeshi wakiwa wanakula, nikajitia ninapita tu. Nikachuchumaa kando ya lori, nikanyoosha kamba yangu ya mwale, kila shibiri fundo. Nikachora kwenye kaye, yaani daftari langu: urefu, kimo, magurudumu. Nikachora gurudumu la nyuma la kushoto na nati zake zote, moja moja, ulimi ukiwa nje kwa raha. Mara nikahisi mkono umenishika shingoni.

“Weye! Unapima nini hapa?”

Walinipeleka kwa komanda wao, katika ofisi moja iliyokuwa haina milango. Komanda alifungua kaye yangu, akaigeuza juu chini.

“Hii kaye ni ya nini?”

“Ya gari, mukubwa.”

“Gari ya nani?”

“Yenu, mukubwa.”

“Na hii kamba ya mafundo?”

“Ni urefu ya gari yenu, mukubwa.”

Kila jibu nililotoa lilikuwa la kweli, na kila moja lilinizamisha zaidi. Akaniuliza nani alinituma. Nikasema nilijituma mwenyewe, nataka kuunda lori dogo la mezani. Wanajeshi waliokuwepo wakatazamana. Komanda akasema kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeagiza chai, kwamba kesho ndege inaondoka na mpelelezi huyu ataondoka nayo. Mwanangu, watu waliopandishwa ndege ile hatukuwa tumemwona hata mmoja akirudi. Nilimfikiria mama, nikalia bila kujificha.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza maandazi pale stesheni alikuwa ameniona nikikokotwa. Aliacha beseni lake, akaenda mbio hadi kwa Mzee Shabani. Alasiri nikasikia sauti ya mzee nje, na unafikiri alikuwa anasema nini? Alikuwa anamsalimia mlinzi. Umeamkaje, watoto wako je, wazazi je. Akaingia ndani akamsalimia karani. Akamsalimia aliyekuwa amenishika. Mimi nilikuwa natamani kupiga kelele: mzee, fanya haraka, nakufa! Akamfikia komanda, akavua viatu mlangoni ingawa mlango wenyewe haupo, akauliza, “Mukubwa, mama yako iko muzuri?”

Komanda akaifunga kaye yangu. Nadhani ilikuwa siku nyingi hajaulizwa swali hilo.

“Iko muzuri, mzee,” akajibu. “Kaa.”

Ndipo mzee akafunua kitambaa, akaweka mezani bodi yangu ya bati. “Huyu mutoto njo mwanafunzi wangu. Akili yake ni fupi, lakini si mupelelezi. Kaye ni ya hii. Mutazame.”

Komanda akamwita dereva wa lori, sajenti mmoja mrefu anayeitwa Bahati, anayevaa kofia yake mbele nyuma, ili aseme kama michoro ile inafanana na gari lake. Bahati akafunua kurasa, akatikisa kichwa, akatabasamu, kisha uso ukabadilika.

“Uongo! Pine ya nyuma, bulon ziko munane. Yeye ameandika saba.”

“Nati za gurudumu lile ni saba,” nikasema.

“Mimi njo naendesha hii kamio! Munane!”

“Saba! Nimehesabu kwa kidole!”

Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba mimi ni mfungwa. Tulibishana kama watu wa sokoni, hadi komanda akapiga meza, akasema twende tukaone. Tukatoka sote, komanda mbele, mimi katikati ya bunduki mbili, Mzee Shabani nyuma na viatu mkononi. Bahati akainama kwenye gurudumu la nyuma la kushoto, akahesabu. Akahesabu tena. Nati moja haikuwepo, na alipogusa zile zilizobaki, mbili zilikuwa zinacheza.

Alikuwa ameagizwa aondoke kesho yake na watu ishirini nyuma, kwenye barabara ile mbovu.

Komanda ndiye aliyeanza kucheka. “Mupelelezi anahesabu askari,” akasema. “Huyu anahesabu bulon.” Akanirudishia kaye yangu. Masharti yalikuwa mawili: nisipime tena kitu cha watu bila kuuliza, na nikimaliza gari nimletee alione. Safari ya kesho yake ikaahirishwa, lori lipate kutengenezwa. Nikiwa nageuka kwenda, Bahati akanishika bega.

“Na mimi?” akasema. “Gari bila dereva itatembea namna gani?”

Njiani Mzee Shabani hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alitembea hadi tukapita soko, ndipo akasema, “Umeliona gari, hukumwona mwenyewe. Ungemsalimia Bahati siku ya kwanza, angekushikia kamba. Leo nimetembea na salamu zako zote ulizoacha kutoa, na ni nzito.” Niliona haya, na hadi leo ninayo kidogo.

Basi nilianza upya. Bodi ya kwanza niliikata nikaitumia vipande vyake. Na Bahati alikuja karakana kila alasiri, akakaa kwenye kiti cha mzee ili nimchonge kutoka mti mwepesi. Alikuwa na malalamiko mengi! Pua yangu si kubwa hivi. Kofia iko mbele sana. Kiwiko changu hutoka dirishani, kitoe. Nilikitoa. Yule wa mti alikuwa na ukubwa wa kidole changu cha kati, na alikuwa Bahati hasa.

Siku nilipomaliza, alimshika yule mtu mdogo, akamgeuza-geuza kiganjani. Kisha akaniambia kwamba mama yake yuko Pangi, na kwamba miaka miwili mama huyo hajui kama mwanawe yuko hai. Barua haiwezekani: mama hasomi, na barua ya mwanajeshi ikikutwa kwenye kizuizi humletea aliyeibeba matatizo. “Lakini kamutu kadogo ka muti,” akasema, “nani atakakamata?”

Gari nililipeleka kwa komanda akalitazama, nikarudi nalo. Dereva nilimfunga kwenye kitambaa, nikampa mfanyabiashara mmoja wa baiskeli aliyekuwa anavuka mto Lualaba kwenda upande ule na chumvi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimsalimia mtu ipasavyo, yeye na nyumba yake yote, kabla ya kumwomba amfikishie mama wa Bahati kule Pangi. Akamzika Bahati yule wa mti katikati ya chumvi akaondoka naye. Baada ya juma moja kundi la Bahati nalo likahamishwa, na sikusikia tena habari zake.

Kwa hiyo wewe na kifaru chako, mwanangu, nisikilize. Leo usishike gundi. Tandaza vipande vyote juu ya meza, vitazame mpaka ujue kipi ni mkono na kipi ni mguu. Kata kila kimoja polepole, wembe uelekee mbali na kidole. Kiweke mahali pake kikavu kwanza, bila gundi, uone kama kinakubali. Ndipo utie gundi, tone dogo la ncha ya kijiti, si mafuriko ya juzi. Rangi nayo nyembamba, iache ikauke, urudie. Minyororo ni ya mwisho, hiyo naona umeshajua. Anza na kitu kidogo ukimalize, kuliko kikubwa kikakushinda kikaishia chini ya kitanda. Na vipande ulivyokwisha kuvigundisha vibaya usivitupe, niletee, tutavibandua taratibu kwa maji ya moto na uzi.

Lakini hayo ni ya mikono, na mikono hujifunza. Ninalokuusia zaidi ni hili: kifaru ni chuma tu, na ndani yake alikaa mtoto wa mtu. Kabla hujalipima gari, mtafute mtu wake. Muulize alikaaje mle, alisikiaje joto, alimkumbuka nani. Babu wa rafiki yako Furaha, hapo nyuma ya shule, alikuwa mwanajeshi. Nenda kamsalimie. Usiende na rula.

Ulitaka kujua dereva yuko wapi. Vita vilipoisha, siku moja nikiwa karakana aliingia mwanamume mrefu, kofia mbele nyuma, na kuku wawili mkononi kutoka kwa mama yake. Nilimkumbatia na kuku wake. Akaniambia alitembea kwa miguu hadi Pangi, akagonga mlango wa mama yake akiogopa kumshtua kama mzuka. Mama akafungua, akamtazama, wala hakushtuka. Juu ya kabati, kando ya taa, Bahati akajiona mwenyewe amekaa, kiwiko nje. Mama alikuwa akimsalimia kila asubuhi, miaka yote ile: umeamkaje, mwanangu. Akijua atajibiwa siku moja.

Nilimwomba Bahati anirudishie dereva wangu. Mama yake alikataa katakata, na mimi sikutaka kumpa mtu mwingine kiti kile. Panda juu ya kigoda ulishushe gari, uhesabu nati za gurudumu la nyuma la kushoto. Utakuta saba.

Mungu akupe mikono mitulivu, Zawadi, na macho yasiyo na haraka. Akuepushe na shingo ya kushikwa kama yangu. Na kila mtu mdogo utakayemweka ndani ya gari lako, mwenyewe afike kwao, akute kuna mtu anamsalimia.