Handbreki ya Kabazi

Tangu wazazi wetu wafariki, mimi ndiye ninayewasomesha wadogo zangu wawili kwa kazi ya udereva. Kwa hivyo gari jipya la madam, mwajiri wangu, nalichunga sana, ingawa handbreki yake ni kitufe tu na sikuwahi kukiamini.

Juzi redio ikatangaza kwamba magari ya aina hiyo yarudishwe yakakaguliwe, kwani handbreki zinajiachia zenyewe. Madam akasema tutalipeleka Jumatatu. Mimi usingizi ukanipaa.

Kabla ya Jumatatu tukaenda Kabazi, yeye kukutana na wakulima wanaonunua mbegu zake. Niliegesha mteremkoni, nikatafuta mawe mawili makubwa, moja nikalisukuma mbele ya gurudumu na jingine nyuma. Mvua ikaanza. Nikajifungia garini, nikasinzia.

Madam alinigutusha akigonga dirisha. "Twende, nimechelewa Nakuru!"

Nikatia gia, gari likagoma. Nikajaribu kurudi nyuma, likagoma. Nikawaona wadogo zangu wakifukuzwa shule.

"Madam, ni ile handbreki ya redio! Sasa imekataa kuachia!"

Madam akaita fundi, naye akaja kwa bodaboda akiwa ameloa chapachapa. Wakulima wakatuzunguka, nami nikawaeleza kwa kirefu hatari ya magari ya kisasa.

Fundi akainama kando ya gurudumu. Kisha akainuka amekumbatia jiwe lenye matope.

"Dere," akaniuliza mbele ya wote, "handbreki kama hii wanauza wapi?"