Lori la Baba kwenye Daraja la Kompyuta

Leo ofisi nzima imesoma nilichodhani nitakiona peke yangu. 🙈

Tangu nimalize shule najifunza kazi kwa Bi Rahma, mhandisi wa madaraja, hapa Mji Mkongwe.

Asubuhi kanipa kazi: nilipitishe lori kwenye daraja dogo la njia ya Mkokotoni.

Si lori la kweli, jamani! Ni la kwenye kompyuta. Unaandika uzito wa magurudumu ya mbele na ya nyuma, programu inalisogeza kidogo kidogo, nawe unaona daraja linapinda kiasi gani.

Safari ya lori lazima uipe jina. Nikaandika BABA ANARUDI.

(Baba yangu anaendesha malori bara. Idi hii pia hajaja.)

Kumbe Bi Rahma kaifungua kazi yangu kwenye skrini kubwa, mbele ya watu wote.

"Haya, Baba karudi," akasema kaka mmoja, "mbona haondoki? Safari ya kwenda haipo!"

Wakacheka. Mimi macho chini.

Bi Rahma hakucheka. "Mwanangu, nyuma ya lori kuna uzito zaidi, na daraja hili halifanani pande zote mbili. Lazima tulipime likija na likienda."

"Nnajua, Bi."

Nilijua tangu asubuhi. Sikutaka tu liende.

Nikaiongeza safari ya kwenda, wote wakitazama. Na hapo ndipo daraja lilipopinda zaidi.

Baba, ukiiona hii, nipigie. Hata kama hujui unakuja lini.