Imeanza Kulia Nyuma

Opondo alikuwa na sifa moja mtaa mzima wa Kabiro: kusikiliza magari. Gari likipiga kelele iliyowashinda mafundi wengine, watu waliambiana, "Peleka kwa Opondo asikilize." Naye huinamisha kichwa kama daktari anayepima kifua, kisha anataja kilichoharibika kabla hata ya kushika spana. Sifa hiyo ilikuwa imemlisha miaka ishirini na sita.

Shida ni kwamba masikio yenyewe yalikwisha kitambo. Mashine za kukatia vyuma ziliyala polepole, na sasa alikuwa akisoma midomo ya watu na kuitikia kwa kichwa. Siri ya mtungi muulize kata: aliyejua ni mkewe Christine tu, kule nyumbani kwao Kianda, aliyechoka kurudia kila neno mara tatu. "Waambie watu," alimhimiza kila asubuhi. Opondo alijifanya hajasikia, na hapo ugonjwa ukamfaa.

Aliogopa, na kusema kweli alikuwa na sababu. Nani atampelekea kiziwi gari linalopiga kelele?

Jumatatu moja Wangoi, mwenye nyumba za kupangisha na lori dogo la kubeba mchanga, aliyejulikana na wote kama Mama Nyawira, alimtumia ujumbe kwa simu: "Fundi, lori imeanza kulia nyuma. Gichuru analeta." Dereva Gichuru akaliegesha, akaacha funguo, akaenda zake. Opondo akausoma ujumbe mara mbili. Kulia, nyuma. Basi akafungua gurudumu la nyuma la upande wa kulia, akakagua beringi, akasafisha breki, akapaka grisi. Kila kitu kilikuwa kizima. Akaliendesha moja kwa moja hadi kwenye lami na kurudi, kisha akajibu: "Iko sawa."

Jumatano lori likarudi, Gichuru akiendesha na Mama Nyawira mwenyewe akiwa ameketi mbele. Uso wake haukuwa wa kuja kusalimia.

"Fundi, bado inalia."

"Kulia nilifungua, mama. Hakuna kitu."

"Ulifungua nini? Nasema inalia. Inalia kama ng'ombe. Watu wa dukani wanageuka kuangalia, na wewe uliiendesha ukasema iko sawa."

Hapo ndipo Opondo alipoelewa. Lori halikuugua upande wa kulia. Lilikuwa linalia, na yeye alikaa ndani yake asisikie chochote. Mficha maradhi, kilio humfichua. Wahenga walisema hivyo, ila hawakusema kilio chenyewe kinaweza kuwa cha lori. Aibu ilimpanda hadi shingo ikapata joto.

Alivua viatu na soksi, akapanda, akaliingiza uwanjani nyuma ya kanisa, nyayo zake zikiwa wazi juu ya sakafu ya chuma. Akienda moja kwa moja, chuma kilitulia. Akikata kona kali polepole, mtetemo ulitoka nyuma ukamgonga visigino. Ni difu, akajua, ule mtambo ulio katikati ya magurudumu ya nyuma. Difu ya lori hilo ina sahani ndani, zinazoshikanisha magurudumu mawili ili moja lisizunguke bure kwenye matope. Sahani hizo zikikosa mafuta yake maalumu, zinakwaruzana kwenye kona.

Akainua magurudumu yote mawili kwa jeki, akazungusha moja kwa mkono. La pili likafuata upande uleule bila kulegea. Sahani zilikuwa bado na nguvu. Akafungua kizibo cha difu, akachovya kidole, akanusa.

"Gichuru, hii oil ya difu nani aliweka?"

"Ni mimi, mzee. Ilikuwa imepungua, nikamwaga yote nikaweka ya kawaida. Msee wa hapo stage alisema zote ni moja."

"Si moja. Hii gari inataka ile ya difu za sahani, imeandikwa LSD kwa mkebe."

Mafuta yaliponunuliwa, Opondo akamwaga ya zamani na kutia mapya. Sahani nazo hutaka kunyweshwa taratibu, kwa hiyo akazunguka uwanjani akichora namba nane, tena na tena, mara ishirini. Mwishowe visigino vikatulia. Lakini kisigino si sikio, na mama huyu alikwisha kuambiwa mara moja kwamba iko sawa. Akasimamisha lori mbele yake.

"Mama Nyawira, simama hapo usikilize. Mimi sisikii. Huu ni mwaka wa tatu."

Gichuru akatazama chini. Opondo akakata kona ya kwanza akimchungulia mama kwenye kioo cha pembeni. Akakata ya pili, na ya tatu. Mama alikuwa amefumba macho na kuinamisha kichwa, vilevile alivyozoea kufanya fundi mwenyewe. Kisha akainua dole gumba.

Opondo akashuka miguu mitupu, akangoja kuambiwa kwaheri. Mama Nyawira akamsogelea, akapaza sauti.

"Sikio gani limebaki?"

"Hili la kulia, kidogo."

Mama akamzunguka bila haraka, akaja kusimama upande huo.

"Basi mimi nitakuwa naongelea hapa. Na wiki ijayo nakuletea pickup. Imeanza kulia mbele."

Opondo akamtegea sikio.

"Kulia gani, mama?"