Hesabu ya Wapweke wa Kisugu

Kazi ya kuhesabu watu niliipata kwa kuwa nilijua kusoma na kuandika, na kwa kuwa mume wangu alikuwa sajini jeshini. Hilo la pili hakuna aliyelitaja, lakini msimamizi wetu alilijua. Ilikuwa hesabu ya majaribio tu, ya kujiandaa na sensa ya nchi nzima, na mtaa wetu wa Kisugu ulichaguliwa. Miaka ile ya utawala wa jeshi, mgeni mwenye karatasi akibisha mlango wa mbele, wenye nyumba walitokea nyuma. Mimi walinifungulia. Walinipangusia kiti, wakabaki wamesimama mpaka niwaambie waketi.

Msimamizi alikuwa mtu mpole, aliyesoma ng'ambo. Kwenye maswali ya kawaida aliongeza mawili yake: siku hizi nani asiye wa nyumba hii huingia kwako, na ukiugua utamwita nani?

"Upweke nao unaua," alituambia, "ila hakuna aliyewahi kuuhesabu."

Nyumba baada ya nyumba nilijibiwa neno moja: hakuna. Mwanzoni niliwahurumia. Nilidhani mji umewatupa.

Kisha nikafika kwa mshonaji, mwanamke wa rika langu aliyeshona sare za shule. Mumewe, karani, alichukuliwa kazini mchana na watu waliokuja na gari, na hakuonekana tena. Mtaa mzima ulijua. Mimi aliniambia amesafiri. Nilipomuuliza nani huingia kwake, akasema hakuna.

Papo hapo mlango wa uani ukasukumwa, na mwanamke akaita kwa Kiganda kwamba maharage yameiva, alete sahani. Akachungulia, akaniona, akarudi kinyumenyume bila kuufunga mlango.

Mshonaji hakuinua macho kwenye kitambaa. "Andika hakuna, nnyabo," akasema taratibu, akiniita bibi kwa Kiganda. "Nakuomba."

Nikaandika. Nilipotoka pale ndipo nilipoelewa. Watu wale hawakukosa wenzao. Walikuwa wanawaficha, kwa sababu kumtaja rafiki mbele ya mke wa askari ni kama kumkabidhi kwa wale wenye gari.

Msimamizi alipozisoma karatasi zangu alisikitika sana. "Kumbe Kisugu kuna upweke kiasi hiki." Nilimwacha aamini hivyo. Kumsahihisha kungekuwa kuwataja.

Nyumbani nikajiuliza mwenyewe maswali yale mawili, na jibu langu likawa lile lile: hakuna. Wanawake tuliokuwa tukisukana nywele kibarazani kwangu waliacha kuja tangu mume wangu alipopandishwa cheo, na siku zote nilijiambia kwamba wana shughuli. Kabatini mwangu mlikuwa na sukari na sabuni kutoka kambini, wakati mtaani sukari ilikuwa imegeuka hadithi. Harufu ya chai yetu ilifika kwa majirani. Sikuwahi kuifikiria harufu ile mpaka siku hiyo.

Nilimwomba mume wangu aulizie habari za yule karani.

"Nikiuliza," akasema, "wataniuliza kwa nini nauliza." Akazima redio. Chakula hakukigusa. Ndipo nilipojua kwamba naye alikuwa akiogopa, na hilo halikunipunguzia kitu.

Basi nikafunga sukari kwenye karatasi, nikampelekea mshonaji. Alipiga magoti, akaipokea kwa mikono miwili, akanishukuru. Nilikuwa nimekwenda kutafuta msamaha, nikapewa heshima. Hata hivyo nilirudi tena, na tena. Niliketi karibu na cherehani nikizungumza habari za watoto, naye akinijibu kila nilichouliza, wala hakuuliza lolote. Mlango wa uani sasa ulikuwa umekomelewa.

"Jirani yako yuko wapi siku hizi?" nilimuuliza mara moja.

"Ana kazi nyingi, nnyabo."

Sikusikia alichokuwa ananiambia. Au nilisikia, nikapenda kukaa. Kwangu hakuna aliyekuwa akiingia, na pale palikuwa na mtu wa kuniitikia.

Siku moja nikakuta nyumba imefungwa, cherehani haipo. Muuza duka wa jirani alikataa kusema, mpaka nilipomsihi.

"Mama, usikasirike," akasema. "Watu walianza kusema amekuwa mtu wenu. Wengine walisema ndiye aliyemchongea mume wake mwenyewe. Pale hakukanyaga mtu tena. Amehamia Mengo kwa dada yake."

Nilirudi nyumbani nikifuata ukuta, kama mtu aliyeiba. Msimamizi alitaka kujua upweke unatoka wapi. Mimi nilikuwa nimeupeleka kwa mwanamke yule, kwa miguu yangu mwenyewe, pamoja na sukari.

Muda mrefu baadaye nilimwona sokoni Kikuubo, katikati ya magunia na wachukuzi, ameshikana mkono na mwanamke mwingine, wakicheka kitu. Aliponiona alinyamaza. Mwenzake naye akanyamaza. Nilimsalimu, akaitikia vizuri, akaniuliza hali ya watoto.

"Unakaa wapi sasa?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Huku huku tu," akasema.

Nilitaka kumwambia jambo. Nilikuwa nimelitengeneza kichwani kwa miaka mingi. Lakini nilimwona mwenzake akimvuta mkono polepole, nikasema tu nyumbani wananisubiri, nikaaga. Nilipofika kwenye kona niliwasikia wakianza kuzungumza tena.