Nilivyomfundisha Mjukuu Wangu Kunyamaza

Mjukuu wangu aliolewa akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki hapa Al Thumama, nchi ya Waarabu, ndege zikipita juu ya paa, na aliyemwozesha alikuwa Amerika anakunywa kahawa. Mnacheka. Hata mimi nilicheka, mpaka nikakaribia kuivunja hiyo ndoa kwa mdomo wangu huu.

Yeye ni nesi. Bwana arusi naye nesi, kijana wa Nairobi, mrefu, nyanya kwake ni shosho, anaongea kama mtu anayefukuzwa: "Shosho-nyumba-tunapewa-Jumapili-lakini-wanataka-cheti." Kazini kwao kulikuwa na nyumba moja ya watu wa ndoa. Wakikosa cheti, wapewe wengine, na hawa wawili wabaki kwenye mabweni, bwana arusi kule Umm Salal na wanaume wenzake, mjukuu wangu huku na wasichana. Likizo ya kwenda nyumbani walikuwa wamenyimwa. Ndipo wakapata hii ndoa ya kompyuta, ambayo serikali ya huko Amerika inaiandika na kutoa cheti chenye muhuri, na kazini wakasema hicho watakikubali.

Mimi nilikuwa nimekuja kutembea tu, nimefikia hapa kwa rafiki wa mjukuu wangu, Mganda, mama wa makamo anayefanya kazi hotelini Al Sadd. Arusi ikawa hapo hapo sebuleni kwake. Siku tatu sikukaa chini. Nimepika pilau, nimefua mapazia ya watu, nimejaribu leso nne mbele ya kioo.

Sasa, nikimsuka nywele asubuhi ya arusi, nikamfundisha kazi. "Ukiulizwa, usidakie. Mimi wazee waliniuliza mara tatu. Ya kwanza nikaangalia chini. Ya pili nikaangalia chini zaidi. Ya tatu ndipo nikasema ndiyo, sauti kama ya kuku mgonjwa. Bibi arusi akijibu mara ya kwanza, watu watasema ana haraka huyu, kwao alikuwa halishwi."

"Nyanya, lakini huyu anayetuozesha ni Mmarekani."

"Mmarekani hana mama?"

Akainamisha kichwa, nikaendelea kusuka. Mjukuu wangu nimemlea mwenyewe, ana adabu.

Jioni ikafika. Uso wa mama wa Amerika wa kuwaozesha ukajaa kwenye kompyuta kama sinia. Anaongea kwa puani, pole pole, kila neno analiweka chini kama yai. Kiingereza sijui, lakini yule rafiki Mganda alikuwa ananigeuzia Kiswahili kwa kunong'ona. Bwana arusi aliulizwa, akakubali kabla swali halijaisha. Huyo kwao hakulishwa kabisa.

Ikaja zamu ya bibi arusi. Akaangalia chini.

Ndege ikapita. Yule mama akadhani hakusikika, akauliza tena. Mjukuu wangu akaangalia chini zaidi. Mimi huku pembeni, furaha imenijaa mpaka shingoni, nikamnong'oneza, "Vizuri. Vumilia, imebaki moja."

Kumbe ile kompyuta ina masikio. Yule mama akaweka kikombe chini. Sauti ikabadilika, puani ikatoka, ikawa ya hakimu.

"Jaja," Mganda akaniambia, maana ndivyo wanavyowaita bibi kwao, "anauliza nani anaongea hapo kando."

Wakaigeuza kompyuta. Akanikuta nimejifunika leso mdomoni kama mwizi wa sukari.

"Anasema sheria yao haitaki msichana alazimishwe. Anasema wewe jaja utoke, na bwana arusi atoke. Atamuuliza peke yake. Akinyamaza tena anafunga, na nafasi nyingine ni mwezi ujao."

Tukatolewa, mimi na bwana arusi, tukasimama kwenye korido karibu na lifti. Kijana amevaa suti, jasho linamtiririka. Maneno yake yote ya mbio yakamwisha. Akasema moja moja, "Shosho. Umenimaliza."

Mimi ambaye humwigiza kila mtu, siku hiyo sikupata sauti ya kuigiza. Nilisimama nimeshika pasipoti yangu, kwa sababu nilikuwa niwe shahidi, nikawaza nimevuka bahari kuja kumnyima mtoto wangu nyumba.

Halafu tukamsikia. Kiingereza kwanza. Kisha Kiswahili, kwa nguvu, makusudi, kifike mlangoni: "Nyanya hanilazimishi. Nyanya alikuwa ananipunguzia haraka. Namtaka huyu mwanamume, na ukiniuliza mara kumi nitakujibu mara kumi."

Bwana arusi akakaa chini sakafuni na suti yake. Mimi nikapiga kigelegele mpaka mlango wa jirani ukafunguka.

Tukaitwa ndani. Swali likaulizwa upya mbele ya wote, kama sheria yao inavyotaka, na mjukuu wangu akamdakia yule mama mdomoni, kwa haraka ya mtu ambaye hajala wiki nzima. Yule mama akacheka. Khalas, imekwisha, wakawa mtu na mkewe.

Zikabaki saini za mashahidi. Mganda akaandika yake. Mimi kalamu sijui kuishika, nikauliza kama dole gumba linatosha. Yule mama akakubali, ila lazima aniulize kwanza, kwa sauti, kama nimeiona ndoa hii kwa macho yangu na ninairidhia.

Akauliza, na Mganda alikuwa bado anatafuta Kiswahili chake. Nikadakia ndiyo, nikamwambia asijisumbue, na dole nimeshalitia wino.