Dry red haina hangover? Muulizeni msemaji wetu wa mahari

Wakuu, hamjambo? Naandika kutoka Manyatta, Embu. Hapa sijaongeza chumvi, na huyo msemaji mwenyewe akiwa humu ajitokeze anibishie.

Mdogo wangu Njeru alipata msichana huko Meru. Sasa ukipeleka mahari lazima uwe na msemaji, na wazee wetu wakachagua binamu yetu Ireri. Kwa nini? Eti anaishi Nairobi na kizungu chake kimenyooka. Haya.

Tulifika Meru jioni ya kuamkia siku yenyewe, tukaingia gesti. Ireri akatoa red wine. Mimi nikatoa yangu ya sweet, ile ya sukari. Weh, alinicheka!

"Hiyo sukari ndiyo huleta hangover. Mtu mzima hukunywa dry. Kesho utaniona niko fiti kama mtu wa kanisa."

Lecture ikaanza. Sijui merlot ni laini, sijui cabernet iko na tannin, ule ukali wa kukausha ulimi. Akionja anasukutua mdomo kama mtu ametoka kung'olewa jino. Chupa ya merlot akamaliza peke yake, akafungua cabernet "kulinganisha". Professor!

Asubuhi mimi kichwa kiliuma, sikatai. Lakini Ireri alikuwa anatembea akishika ukuta.

Sasa kwa hao wakwe, mazungumzo hayaanzi kabla msemaji hajakunywa uji wa kuchacha kutoka kwa kibuyu. Ukikataa uji, umekataa binti yao.

Mama ya msichana akaleta kibuyu kimejaa. Ireri akanusa tu. Wakuu, alikimbilia migombani, na boma yote ikamsikia!

Shangazi ya msichana akaanza kujifunga leso aondoke. Na Njeru anampenda huyo msichana kufa. Nilimwonea huruma mpaka nikasahau kichwa changu.

Kwa desturi, bwana harusi siku hiyo hukaa nyuma na kunyamaza. Njeru akasimama, akachukua kibuyu, akakunywa uji wote, akakirudisha kwa mikono miwili.

Akina mama wakapiga vigelegele. Baba ya msichana akasema, "Huyu tumempea. Yule wa migombani mrudisheni kwao, akipona tutaongea kizungu."

Funzo ni hili: sweet, dry, merlot, cabernet, kichwa hakisomangi label. Ukimaliza chupa, na yenyewe itakumaliza.

Kuna mtu humu dry imewahi kumhurumia? Leteni ushahidi, lakini kwanza mkunywe uji.